Kabla ya Kumlaumu Mchezaji wa Gofu, Pimeni Fimbo Yake

Mchezaji wa gofu akipiga mpira kutoka katikati ya feawei, ukaruka vizuri lakini ukaangukia kushoto mwa grini, waliomzunguka huanza papo hapo kumtafutia kosa mwilini. Ataambiwa amewahisha bega, amefunga viganja mapema, hakuutazama mpira, amekaba gripu kwa nguvu. Kosa likijirudia wiki nzima atashauriwa amtafute mwalimu, naye mwalimu ataanzia miguuni, apande kiunoni na kumalizia mikononi. Katika viwanja vya Arusha, kuanzia ule wa Arusha Gymkhana ulio ndani ya jiji hadi Kili Golf kule Usa River, ni nadra mtu kuichukua fimbo yenyewe, kuiweka kwenye kipimo na kuuliza kama inamfaa mtu wa kimo kile na mikono ile. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia. Urefu wa fimbo na pembe ya ulalo wake ni mambo yanayopimika na kurekebishika kwa gharama ndogo, na yakiwa na kasoro humpotosha hata aliyepiga sawasawa. Tena katika mji ambao makedi, wanawake na watoto wengi huchezea fimbo zilizoanza maisha mikononi mwa mtu mwingine, kutozipima ni kuwaonea.

Tuanze na pembe. Fimbo za chuma, ambazo wachezaji wetu huziita ayani, zina kichwa kilichounganishwa na shafti kwa mshazari. Ukikikalisha kichwa chini hadi kitako chake kitulie sawasawa, shafti hutoka ardhini kwa pembe fulani, na hiyo ndiyo pembe ya ulalo. Kwa ayani 7 inayotoka kiwandani pembe hiyo huwa kama digrii 62 au 63, nayo huongezeka kwa karibu nusu digrii kadiri fimbo zinavyozidi kuwa fupi, hadi kufika 64 hivi kwenye weji. Mchezaji aliyepata pembe inayomfaa anapogonga mpira, kitako hupita sambamba na ardhi. Fimbo ikiwa imesimama mno kwake, ncha ya kichwa huinuka na kisigino huchimba. Ikiwa imelala mno, ncha huzama na kisigino huning'inia. Kwa macho tofauti hiyo ni ndogo sana. Kwenye kichwa chenye urefu wa milimita 75 kutoka kisigino hadi ncha, kosa la digrii 4 huinua ncha kwa milimita 5 tu, na ndiyo maana watu hucheza miaka mingi bila kuligundua.

Udogo huo unadanganya, kwa sababu uso wa ayani haukusimama wima. Umelazwa nyuma ili uuinue mpira, na uso uliolazwa nyuma ukipinda kuelekea upande mmoja, hauangalii tena mbele; unaangalia kando. Kadiri uso ulivyolala zaidi ndivyo kosa linavyokuwa kubwa. Chukua ayani 7 ambayo uso wake umelala digrii 34 na ambayo imesimama kupita kiasi kwa digrii 4. Hesabu ya pembetatu inaonyesha kwamba uso huo unaelekea kushoto kwa digrii 2.7, kwa mchezaji wa mkono wa kulia. Kwa umbali wa mita 130, hizo ni mita 6 nje ya mstari, kabla hujaongeza upepo na mzunguko wa mpira wenyewe. Weji yenye uso uliolala digrii 46 ikiwa na kosa lilelile huelekeza mpira kushoto kwa zaidi ya digrii 4, na kwa mita 100 mpira huanguka mita 7 kutoka mahali palipokusudiwa. Draiva yenye digrii 10, kwa kosa hilohilo, haipotoshi hata digrii moja; kwa mita 220 ni kiasi cha mita 3, na feawei humeza kosa hilo bila mtu kulijua. Hapo ndipo penye kitendawili ambacho wachezaji wengi hukipata na kukosa jibu lake: mtu anayepiga draiva moja kwa moja lakini, akiisogelea grini akiwa na fimbo fupi ambayo ndiyo inayopaswa kuwa rahisi, mpira unamkimbia. Anadhani ameingiwa na woga karibu na shimo. Huenda ana kasoro ya chuma.

Kosa hilo linagharimu nini uwanjani? Uwanja wa Kili Golf una mashimo 18 na par yake ni 72. Aliyeuchora ni David Jones wa Ireland ya Kaskazini, bingwa wa Kenya Open ya mwaka 1989, na ni uwanja unaomtaka mchezaji achague upande wa grini anaoulenga, si kuifikia grini tu. Shimo la bendera likiwa mita 5 kutoka ukingoni, kosa la mita 6 au 7 linaupeleka mpira kwenye mchanga au kwenye majani marefu, na mchezaji aliyestahili kupiga mikwaju miwili ya mwisho anajikuta amepiga mitatu au minne. Kisha kuna mwinuko wa nchi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi huufanya mpira uende mbali kwa takriban asilimia 5 kuliko ungeenda Dar es Salaam. Mpira uliotoka vibaya husafiri zaidi pia, kwa hiyo pwani kosa lilelile lingekuwa dogo kidogo kuliko lilivyo chini ya Mlima Meru.

Urefu wa fimbo una hesabu yake, lakini hauwezi kutenganishwa na pembe. Ayani 7 ya wanaume kwa kawaida ina inchi 37, ya wanawake hupungua inchi moja, na kutoka fimbo hadi fimbo tofauti ni nusu inchi. Ukiifupisha fimbo kwa nusu inchi bila kugusa pembe yake, mikono ya mchezaji inabaki juu kuliko fimbo inavyotaka, na kwake fimbo inakuwa kama imelala zaidi kwa digrii moja au kupita kidogo. Ukiirefusha nusu inchi, inakuwa kama imesimama kwa kiasi hichohicho. Uzito unaosikika mikononi nao hubadilika: kupunguza inchi moja kunaleta hisia sawa na kuondoa gramu 12 hivi kichwani, na kichwa cha ayani 7 kizima hakipiti sana gramu 270. Kwa hiyo fundi anayekata fimbo kwa msumeno na kuvisha gripu mpya, akaishia hapo, ametatua tatizo moja na kuzua mengine mawili. Mkulima wa Meru analijua jambo hili bila kuhitaji kipimo, kwani akibadilisha mpini wa jembe hutazama pia jinsi bapa lilivyoinama, la sivyo jembe litaruka juu ya udongo au litamvunja mgongo.

Kimo pekee hakitoshi kuamua. Wanaopima kwa uzoefu huanza na kimo, kisha hupima umbali kutoka mkunjo wa kiganja hadi sakafuni, mtu akiwa amesimama wima na mikono imelegea. Mwanamume wa sentimita 178 ambaye umbali huo kwake ni kama sentimita 86 ndiye ambaye chati nyingi humpa fimbo ya kawaida isiyobadilishwa. Mwenzake wa kimo hichohicho mwenye mikono mifupi, ambaye kiganja chake kiko sentimita 91 kutoka chini, anahitaji fimbo iliyosimama zaidi. Mwenye mikono mirefu anahitaji iliyolala. Aliyelifanya jambo hili kuwa utaratibu wa kiwandani ni Karsten Solheim, mhandisi aliyezaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911 na kuanzisha kampuni ya PING nchini Marekani. Tangu miaka ya 1970 ayani za kampuni hiyo zimekuwa zikiwekwa kitone cha rangi kinachotaja pembe: cheusi kwa ya kawaida, chekundu kwa iliyolala kidogo, cha bluu kwa iliyosimama kidogo, na rangi nyingine kwa walio mbali zaidi na wastani. Anayenunua PING za mtumba leo anaweza kukisoma kitone hicho na kujua kwamba fimbo ile iliundwa kwa mwili wa namna gani. Ni habari ya bure iliyobandikwa kwenye chuma, na bado wengi hudhani ni pambo.

Sasa tutazame fimbo za Arusha zinatoka wapi. Duka la gofu lenye mashine ya kupimia na fundi wa kukunja vichwa si kitu cha kukikuta kila mtaa hapa kwetu. Fimbo nyingi zinazozunguka zilinunuliwa nje, zikatumiwa na mgeni aliyekuwa anafanya kazi hapa, zikauzwa au kuachwa kama zawadi alipoondoka. Nyingine zililetwa kama msaada kwa vijana. Ni jambo jema, na bila ukarimu huo mchezo ungebaki kuwa wa wachache. Lakini fimbo hizo ziliundwa zikimlenga mwanamume wa sentimita 175 hadi 180, ilhali vipimo vya afya vya kitaifa vinaonyesha kwamba wastani wa mwanamke wa Tanzania ni kama sentimita 156. Mwanamke wa kimo hicho akishika ayani 7 ya wanaume, mikono yake iko chini kuliko fimbo inavyotaka, ncha inainuka, kisigino kinachimba, na mpira unaelekea kushoto. Mji huu umemtoa Madina Iddi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa jina la kwanza gofu ya wanawake ya Tanzania inapotajwa. Vipaji havijakosekana. Kinachopaswa kutusumbua ni wale waliojaribu, wakaona mpira haunyooki, wakaambiwa hawana mkono wa gofu, wakaacha.

Watoto wameumizwa zaidi. Desturi iliyozoeleka ni kuchukua ayani ya mtu mzima, kuikata inchi kadhaa na kumpa mtoto wa miaka 10. Kichwa kinabaki na uzito wake wote, shafti iliyokatwa inakuwa ngumu kama nondo, na pembe, kwa hesabu tuliyoiona, inaharibika kwa kila inchi inayoondoka. Mtoto hawezi kuizungusha fimbo hiyo kwa mikono, kwa hiyo anajifunza kuizungusha kwa mwili mzima, na tabia hiyo ikishakaa hadi umri wa miaka 16 kuitoa ni kazi kubwa. Bora mtoto awe na fimbo tatu nyepesi za kimo chake kuliko mfuko uliojaa fimbo 14 za baba.

Hapa ndipo hoja inapofika mahali pake pa uzito. Hasara ya fimbo isiyofaa haiishii kwenye mkwaju mmoja uliopotea. Mwili wa binadamu una akili ya kusahihisha. Mchezaji ambaye fimbo yake inapeleka mpira kushoto ataanza, bila kujijua, kulenga kulia, au kuchelewesha viganja, au kuinua mikono anapogonga ili kisigino kisichimbe. Baada ya miezi anakuwa na mzunguko uliopindika unaotoa matokeo yaliyonyooka kwa fimbo moja tu, labda ayani 7 anayoifanyia mazoezi zaidi. Kwa ayani 9 kosa ni kubwa zaidi, kwa hiyo sahihisho lake halitoshi. Kwa ayani 5 kosa ni dogo, kwa hiyo sahihisho linazidi na mpira unakwenda kulia. Anabaki akisema mchezo wake hautabiriki. Mwalimu akimwona, anaona viganja vilivyochelewa na mikono iliyoinuka, na anavirekebisha. Ni kweli ni makosa, ila yalizaliwa kama dawa. Ukiondoa dawa na kuacha ugonjwa, mpira unarudi kushoto, mwanafunzi anamlaumu mwalimu, mwalimu anamlaumu mwanafunzi, na chuma kinanyamaza kwenye mfuko.

Wapo watakaosema huu ni utetezi wa wavivu, na wanayo methali yao tayari: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mchezaji hodari, wanasema, hupiga kwa fimbo yoyote, na mabingwa wa zamani hawakuwa na mashine. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Mtu asiyefanya mazoezi hataokolewa na digrii 2 za chuma. Lakini historia ya mabingwa haisemi wanachodhani inasema. Ben Hogan, anayetajwa kila mara kama kielelezo cha mtu aliyejijenga kwa jasho la mazoezi, alikuwa mkali kuliko wote kuhusu vifaa. Alipoanzisha kampuni yake ya fimbo mwaka 1953 alikataa kuuza toleo la kwanza kwa kuwa halikumridhisha. Katika miaka ya karibuni Bryson DeChambeau alijulikana kwa kutumia ayani zote za urefu mmoja, kama inchi 37.5, zenye pembe iliyosimama kuliko kawaida, na kwa mtindo huo alishinda US Open mara mbili, mwaka 2020 na 2024. Wengine humtaja kama ushahidi kwamba vipimo vya kawaida havina maana. Ni kinyume chake. Alivikataa vipimo vya kiwanda kwa sababu aliupima mwili wake na mzunguko wake kwa ukali kuliko kiwanda kilivyoweza. Mchezaji hodari kweli huweza kupiga kwa fimbo yoyote mara moja au mbili ili kuwafurahisha watazamaji. Kwenye mashindano hafanyi hivyo.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: anayeanza hajawa na mzunguko wa kudumu, sasa utampima vipi? Leo ananyanyua mikono, kesho anaishusha, na pembe iliyofaa mwezi huu haitafaa mwezi ujao. Ni kweli, na jibu ni kutenganisha vipimo viwili. Kipimo cha mwili uliosimama, yaani kimo na umbali wa kiganja hadi sakafuni, hakingoji ustadi. Kinamwondoa anayeanza kwenye makosa makubwa ya digrii 4 au 5 na inchi nzima, na kinachukua dakika chache. Kipimo cha mwili unaozunguka, kinachotafuta digrii moja moja, kisubiri hadi mchezaji awe anagonga mpira katikati ya uso mara nyingi kuliko anavyokosa. Kumfanyia mapema ni kupoteza fedha zake, na muuzaji anayemhimiza mtu aliyeanza juzi anunue seti iliyoundwa kwa vipimo vyake vya leo hamtakii mema.

Kuna na wale wanaotazama ardhi yetu. Viwanja vilivyo chini ya mlima havina tambarare nyingi, wanasema. Mpira hukaa juu ya miguu au chini ya miguu, na pembe hubadilika kila hatua, basi kuna faida gani kuhangaikia digrii 2 za kwenye kipimo? Lakini mteremko unaonekana. Mchezaji aliyefundishwa anajua kwamba mpira ukiwa juu ya miguu yake utaelekea kushoto, kwa hiyo analenga kulia kidogo. Kanuni hiyo inafanya kazi tu ikiwa fimbo yake ni ya kweli kwenye tambarare. Ikiwa tayari imesimama kupita kiasi kwa digrii 3, hesabu yake kwenye mteremko itakosea, na atakapokosea atadhani ameusoma mteremko vibaya. Kwa ardhi isiyo sawa fimbo iliyo sawa inahitajika zaidi.

Na wanaosema mtu mfupi ashike tu chini ya gripu? Kwa yule ambaye fimbo ni ndefu na imesimama mno, ushauri huo unasaidia kwa kiasi, kwa kuwa kushuka inchi moja kunapunguza urefu na kuilaza fimbo kwa wakati mmoja. Kwa mkwaju mmoja mmoja ni sawa. Ila gripu huwa nyembamba kadiri unavyoshuka, mkia wa fimbo unaobaki juu hugusa mkono, na mchezaji hashiki mahali palepale kila mara. Yule mrefu ambaye fimbo ni fupi kwake hana hata njia hiyo, maana hakuna gripu ya kushika zaidi ya pale inapoishia.

Habari njema ni kwamba kujua kama una tatizo hakuhitaji mashine hata kidogo. Chora mstari mnene kwenye mpira kwa kalamu ya ubao mweupe, uweke mpira mstari ukiwa wima na ukiutazama uso wa fimbo, kisha piga kama kawaida. Wino utabaki kwenye uso. Mstari ukisimama wima kwenye uso, pembe inakufaa. Kilele chake kikiegemea upande wa ncha, fimbo ilikuwa imesimama mno wakati wa kugonga. Kikiegemea kisigino, ilikuwa imelala mno. Mkwaju mmoja usiutegemee. Piga mara kadhaa kwa ayani 7 na kwa weji, na uhesabu tu ile iliyogusa katikati. Ushahidi mwingine uko ardhini. Wakati wa masika, udongo ukiwa laini, tazama shimo linaloachwa na fimbo: likiwa na kina upande wa ncha na jepesi upande wa kisigino, fimbo imelala mno; likiwa kinyume chake, imesimama mno. Kiangazi ardhi ikiwa ngumu shimo halisemi mengi, lakini hapo ndipo madhara huongezeka, kwa sababu sehemu inayogusa kwanza hukwama na kukizungusha kichwa kabla hakijaufikia mpira.

Kurekebisha kunahitaji jiliwa madhubuti, kipimo cha pembe na mtambo wa kukunjia unaoishika shingo ya kichwa bila kuijeruhi. Vichwa vya chuma laini cha kaboni vilivyofuliwa hukunjika kwa urahisi, na kwa sababu hiyohiyo hujipinda vyenyewe kidogo kidogo kwa kupigishwa kwenye mikeka migumu ya mazoezi, kwa hiyo vipimwe kila mwaka. Vichwa vilivyosubiwa kwa chuma cha pua kigumu vinakubali digrii 2 hivi, zaidi ya hapo shingo inaweza kupasuka. Zile za bei ya chini sana za aloi ya zinki zisijaribiwe kabisa, huvunjika. Na kila pembe ya ulalo inapokunjwa, mlalo wa uso nao upimwe upya, maana mkono mzito wa fundi unaweza kunyoosha kimoja na kuharibu kingine. Sheria za gofu hazikatazi kazi hii. Kinachokatazwa ni kupiga mkwaju kwa fimbo uliyoibadilisha makusudi baada ya kuanza raundi.

Hakuna chochote katika orodha hiyo ambacho Arusha haiwezi kukitengeneza. Hapa ndipo yalipo makao ya TEMDO, shirika la serikali la usanifu wa mitambo lililoanzishwa mwaka 1980, ambalo limesanifu vitanda vya hospitali na viteketezi vya taka. Hapa kipo Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978 kwa ushirikiano na Ujerumani, na ambacho wanafunzi wake husoma kupima pembe kwa usahihi unaozidi kabisa nusu digrii. Eneo la Unga Limited limejaa mafundi wanaokunja chuma tangu asubuhi hadi jioni. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaunganisha watu hawa na klabu, na klabu kukubali kwamba kipimo kimoja kinachowahudumia wanachama wote ni matumizi ya lazima kama mashine ya kukatia nyasi. Fundi akishapata mafunzo, kedi mwenye mkono wa ufundi anaweza kuifanya kazi hiyo, na ikawa ajira ambayo haitegemei idadi ya wageni wanaokuja msimu huu.

Nasisitiza makedi kwa sababu wao ndio chimbuko la wachezaji wengi wazuri wa ukanda huu, na ndio wanaopewa fimbo ambazo mwenye fedha amezichoka. Kijana anayejifunzia fimbo ya mtu mwingine akafika handikapu ya tarakimu moja amefanya kazi mara mbili ya mwenzake, na hatujui angefika wapi kama ayani zake zingekuwa zake. Chama cha Gofu Tanzania na chama cha gofu cha wanawake huandaa mashindano na kuchagua timu. Kabla ya kuchagua, wawapime. Na kamati za klabu za Arusha zinapopanga bajeti ya mwaka ujao, ziweke humo jiliwa, kipimo cha pembe na mafunzo ya fundi mmoja, na siku kazi hiyo itakapoanza, watoto na makedi wawe wa kwanza kwenye foleni.